Mkono Mdogo, Chombo Kikubwa

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika chumba cha upasuaji, methali hii imewaumiza wengi. Daktari mtarajali mwenye mikono midogo akilalamika kwamba chombo hakimkai, huambiwa azoee. Baada ya miezi kadhaa gumba linakufa ganzi, naye anaanza kusadiki kuwa hakuumbwa kwa kazi hiyo. Mara nyingi kasoro haimo mkononi mwake, bali katika kipimo cha chombo alichopewa.

Wanajeshi nao wamelikabili tatizo hili. Mwaka 1985 Jeshi la Marekani lilianza kutumia bastola ya Beretta M9, yenye kishikio kinene na kifyatulio kilicho mbali kwa risasi ya kwanza. Mwenye vidole vifupi hulazimika kuizungusha bastola kiganjani ili akifikie kifyatulio, na hapo shabaha huyumba. Januari 2017 jeshi hilo lilichagua bastola ya SIG Sauer, ambayo vishikio vyake hubadilishwa: kidogo, cha wastani na kikubwa.

Stepla inayotumika katika upasuaji wa matundu madogo hushikwa vivyo hivyo, kama bastola. Namba ya glavu za upasuaji hutokana na mzingo wa kiganja kwa inchi, na kwa kawaida huanzia 5.5 hadi 9. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 miongoni mwa wapasuaji wa Marekani ulionyesha kwamba wanaovaa namba 6.5 au chini yake walipata ugumu zaidi kutumia vyombo hivyo. Mpasuaji anayelazimika kubana stepla kwa mikono miwili huacha kile ambacho mkono wa pili ulikuwa umekishika ndani ya tumbo la mgonjwa.

Sababu yake iko wazi. Misuli inayokunja vidole hutoa nguvu kubwa ikiwa katika urefu wa wastani. Kishikio kipana huitanua kupita kiasi, na kifundo cha mkono kikikunjwa kuelekea kiganjani, nguvu hupungua zaidi. Pete ya mkasi au koleo nayo ikisukumwa hadi shina la gumba hubana neva ndogo za ubavuni mwa kidole. Ganzi huanzia hapo.

Kwa hiyo chombo kijaribiwe kabla ya siku ya upasuaji. Kikiwa wazi kabisa, vidole vikifikie na kukifunga kwa mkono mmoja, huku kifundo kikiwa kimenyooka. Katika pete, ncha ya gumba pekee ndiyo iingie pamoja na kidole cha pete. Kidole cha shahada kilale juu ya chombo kukiongoza. Penye jeraha la juujuu, kishika sindano cha sentimita 15 hutosha badala ya kile cha 20. Katika upasuaji wa matundu, kitanda kishushwe hadi vishikio viwe usawa wa kiwiko, na mfupi apewe jukwaa la kusimamia. Palipo na uwezo, stepla ya umeme hufyatuliwa kwa kitufe.

Mgonjwa naye ana chombo chake. Katika kalamu nyingi za insulini, kadiri dozi inavyoongezwa ndivyo kitufe kinavyotokeza nje. Mwenye mkono mdogo huweza kushindwa kukifikia kwa gumba, sindano ikayumba na dozi isiishe. Asipunguze dozi kwa hiari yake. Amweleze muuguzi na kumwonyesha anavyoishika kalamu. Zipo kalamu ambazo kitufe chake hakitokezi. Pampu ya pumu iliyo ngumu kubonyeza yaweza kushikwa kwa mikono miwili.

Wanaoagiza vifaa vya hospitali wana sehemu yao. Glavu huagizwa kwa namba mbalimbali bila mjadala, kwa sababu kila mtu anajua kuwa viganja havilingani. Vyombo vinavyoshikwa na viganja hivyohivyo vinastahili kuagizwa kwa fikra ileile, na wauguzi na madaktari wenye mikono midogo waulizwe kabla fedha hazijalipwa. Mkulima aliyechagua jembe linalomkaa hulima hadi jioni, na kesho yake hurudi shambani.