Maana Mbili za Neno "Punguzo" katika Biashara ya Vitabu

Neno punguzo, litokanalo na kitenzi punguza, lina maana mbili katika biashara ya vitabu, nazo yafaa zitenganishwe. Maana ya kwanza ni sehemu ya bei ambayo mchapishaji humwachia mwenye duka. Ya pili ni sehemu ambayo mwenye duka humsamehe mnunuzi. Tuseme kitabu kina bei ya shilingi 10,000, na mwenye duka amekipata kwa 7,000. Zile 3,000 ndizo kodi ya pango, nauli ya mzigo na chakula chake. Akimsamehe mnunuzi 1,000, hubakiwa na 2,000 tu.

Wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa, mkoani Geita, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wajua kwamba anunuaye dhahabu machimboni hatoi bei ya soko la dunia, kwani tofauti iliyopo ndiyo riziki yake.

Huko Uingereza, mapatano yaliyoanza mwaka 1900 yaliwazuia wauza vitabu kushusha bei ya mchapishaji. Yalivunjika mwaka 1995, mwaka ule ule Amazon ilipoanza kuuza vitabu kwa njia ya intaneti, na mwaka 1997 mahakama iliyakataza. Tangu hapo mwuzaji mkubwa, aliyekwisha pata punguzo nono la kwanza kwa wingi wa ununuzi wake, aliweza kutoa la pili lililowashinda wenye maduka madogo. Wafaransa walishika njia nyingine: sheria yao ya mwaka 1981 hairuhusu punguzo la pili lizidi asilimia 5.

Kwa msomaji wa Rwamgasa kuna jambo la zaidi, nalo ni njia. Kitabu kilichoagizwa Dar es Salaam kwa simu chaweza kuwa na bei ndogo, lakini sharti kipande basi hadi Geita, kisha pikipiki. Kitabu kimoja hubeba nauli yote peke yake. Vitabu mia vya mwenye duka hugawana nauli moja. Hivyo punguzo la pili laweza kumezwa na safari kabla ya kumfikia mnunuzi. Tena, ashindaye kwa kushusha bei hana sababu ya kuendelea kuishusha mshindani wake akiisha kutoweka.

Basi asemaye kwamba punguzo limepungua hana budi kueleza ni lipi. La pili likipungua, mnunuzi huongeza fedha. La kwanza likipungua, duka hufungwa, na mtoto wa machimboni hukosa mahali pa kukishika kitabu na kukifunua kabla hakijanunuliwa.