Je, Wajua? Jiko na Bustani Penye Mvua Haba

Ewuaso Kedong, Kajiado Magharibi, iko ndani ya Bonde la Ufa, na mvua yake ni ya kubahatisha. Huko, kupanga jiko na bustani ni kupanga maji.

Je, wajua kwamba…

• Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji? Bati la mita 30 za mraba likipata milimita 10, ni karibu lita 300 za kuelekeza tangini.

• Katika Mlima Suswa ulio jirani, wenyeji hunasa mvuke unaofuka ardhini na kuupoza ukawa maji ya kunywa?

• Gunia la udongo na samadi, lenye nguzo ya kokoto katikati, huotesha sukuma wiki juu na ubavuni? Maji ya kuoshea mboga, yakimiminwa kwenye kokoto, hufika hadi chini.

• Kabati lenye kuta za waya zilizojazwa makaa na kuloweshwa maji hupoza mboga bila stima? Hewa ikiwa kavu, hupoza zaidi.

• Nyanya na ndizi mbivu hutoa ethilini, gesi inayoharakisha mboga za majani kugeuka manjano? Zitenge.

• Wamaasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni-mwitu? Moshi wake hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa ladha.

• Viazi vikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kuongeza sumu ya solanini? Viweke gizani.