Je, Wajua? Nyani Walisaidia Kufungua Kibofu cha Binadamu

Nyani wa manjano wamejaa Hifadhi ya Ruaha, mkoani Iringa. Wachache wanajua kuwa jamaa zao walichangia tiba ya watu walioumia uti wa mgongo, nao wanastahili kutajwa.

Miaka ya 1970, jijini London, Profesa Giles Brindley aliwapandikizia nyani kifaa cha umeme kwenye mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo na kukiongoza kibofu cha mkojo. Kikwazo kikawa kimoja: umeme unaokaza kibofu kisukume mkojo hukaza pia msuli unaofunga mlango wake.

Ufumbuzi ulikuwa kwenye kasi. Umeme ukikatwa, msuli wa mlangoni hulegea papo hapo, ilhali kibofu hulegea taratibu. Brindley akatuma umeme kwa vipindi vifupi, na katika kila mapumziko mkojo ukatoka. Alichapisha matokeo mwaka 1977. Kabla muongo huo haujaisha, binadamu walianza kuwekewa kifaa hicho. Hakina betri mwilini: mgonjwa hukiendesha kwa mawimbi ya redio kupitia ngozi.

Uti wa mgongo ukiumia, kibofu huweza kushindwa kujimwaga, na mkojo ukibaki ndani huleta maambukizi na kuharibu figo. Kwa majeruhi wa ajali za barabara ya Iringa hadi Mbeya walioumia hivyo, msaada wa kawaida ni mpira wa mkojo. Ukimuuguza mmoja wao, nawa kwa sabuni kabla ya kuugusa mpira huo, na akipata homa mwahishe hospitali.