Testosteroni Sawa, Ndevu Mbili Tofauti

Karatasi inasema testosteroni ni ya kawaida. Kidevu cha mwanamke kilichoota ndevu kinasema vingine. Fumbo hilo ndilo lililonikalisha kwenye benchi la maabara moja ya binafsi hapa Nsambya, Kampala, mbele ya mtaalamu aliyechoka kuulizwa kama mashine yake ni mbovu.

Aligeuza fomu iliyokwisha kutumika, akaandika mfano kwa kalamu. Wanawake wawili, kila mmoja ana testosteroni ya nanomoli 1.6 kwa lita. Chini yake akaongeza mstari wa SHBG, protini inayotengenezwa na ini kubeba homoni za jinsia kwenye damu: wa kwanza 18, wa pili 95. Akapiga hesabu ya testosteroni iliyo huru, isiyoshikwa na protini yoyote. Wa kwanza akatoka na pikomoli 39 hivi, mwenzake 14. Jumla ni ileile, lakini iliyo huru inapishana karibu mara tatu. Abiria aliye ndani ya taksi, alinieleza, hanunui nyanya Nsambya mpaka ashuke. Kipimo cha kawaida huwahesabu wote, walioshuka na waliokaa.

SHBG hushushwa na unene na insulini nyingi, ndiyo maana huwa chini kwa wengi wenye ovari za vifuko vingi. Mimba, vidonge vya estrojeni na tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi huipandisha. Kwa hiyo yeye, kabla ya kutafuta mshipa, humuuliza mgonjwa anatumia dawa gani.

Anauliza kwa sababu. Ini hilohilo linalotengeneza SHBG huvunja homoni pia, na dawa zinaweza kuliharakisha. Mwaka 2016 watafiti wa Kampala na wenzao wa Marekani walichapisha habari za wanawake wenye VVU waliowekewa vijiti vya kuzuia mimba vya levonorjestreli: kati ya 20 waliokuwa wakimeza efavirenzi, dawa ya VVU, 3 walishika mimba kabla mwaka haujaisha. Efavirenzi ilikuwa imelichochea ini, na homoni ya vijiti ikapungua kwa karibu nusu.

Nani amlipie mama muuza ndizi kipimo cha pili, cha SHBG? Na kwa nini fomu niliyoonyeshwa ina nafasi ya jumla peke yake? Sikupata jibu.

Ukienda kupima homoni, taja kila unachotumia: vidonge, sindano, vijiti, hata mitishamba. Majibu yakipingana na mwili wako, mwombe daktari apime na SHBG.