SHIKA FIMBO VYEMA, MPIRA UTAKUTII

Ukitaja gofu mbele ya wanafunzi, wengi watakunja uso na kukwambia ati huo ni mchezo wa matajiri. Hawajakosea sana. Fimbo zake ni ghali, na ada za uwanjani si za mfuko wa mwanafunzi. Hata hivyo, iko sehemu moja ya mchezo huu ambayo haiuzwi dukani, na ambayo mwana wa tajiri na mwana wa maskini huianza wakiwa sawa. Sehemu hiyo ni namna ya kushika fimbo. Vijana wengi wanaopata bahati ya kujaribu hukwama papo hapo, kisha wakaenda zao wakidhani hawakujaliwa kipawa. Kumbe tatizo lilikuwa mikononi tu!

Gofu si mgeni hapa kwetu. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, na mashindano ya Kenya Open yakaanza mwaka wa 1967. Seve Ballesteros wa Uhispania aliyashinda mwaka wa 1978, na mwaka uliofuata akatwaa taji la Open kule Uingereza. Mabingwa kama hao hutofautiana kwa kimo, nguvu na mtindo, lakini hakuna hata mmoja anayepuuza mshiko.

Kwa nini mshiko?

Mikono ndiyo sehemu pekee ya mwili inayogusa fimbo. Mikono ikikaa vibaya, uso wa fimbo, yaani ile sehemu inayougonga mpira, nao hutazama vibaya. Tena mpira hukaa kwenye uso huo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huna nafasi ya kusema, "Ngoja kidogo nirekebishe!" Wale wapenzi wa hisabati na wapige hesabu: mpira ukienda nyuzi 5 tu kando ya shabaha, ukifika mita 150 utakuwa umeikosa shabaha kwa mita 13 hivi. Hapo unautafuta vichakani.

Mkono wa kushoto

Maelezo haya ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Wewe wa mashoto, geuza kila kitu.

Mkono wa kushoto hukaa juu, karibu na mwisho wa mpini. Bakisha kipande kidogo cha mpini juu ya mkono. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea: usiulaze mpini katikati ya kiganja kama unayeshika mchi. Ulaze kwenye vidole, kwa mshazari, kuanzia chini ya kidole cha mwisho hadi kwenye kiungo cha kati cha kidole cha shahada. Ndipo ufunge kiganja juu yake. Kidole gumba kikae juu ya mpini, kikielekea kulia kidogo. Ukitazama chini uone vifundo viwili vya vidole vyako, au viwili na nusu.

Mkono wa kulia

Mkono huu huja chini ya ule wa kushoto, ukiwa umegusana nao. Wachezaji wa hoki watapata taabu kidogo, kwa sababu wao wamezoea kuitenga mikono. Katika gofu mikono hufanya kazi kama mmoja. Shika mpini kwa vidole, kisha ukifunike kidole gumba cha kushoto kwa kiganja cha kulia. Kati ya gumba na kidole cha shahada cha kila mkono kutatokea umbo la herufi V. Ncha za V zote mbili zielekee upande wa bega lako la kulia.

Kuna njia tatu za kuiunganisha mikono. Ya kwanza ni ya vidole kumi, ambapo vyote hushika mpini. Hiyo huwafaa watoto na wenye mikono midogo. Ya pili ni ya kupandisha: kidole cha mwisho cha kulia hulala juu ya mkono wa kushoto, kati ya kidole cha shahada na cha kati. Njia hii ilivumishwa na Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, aliyeshinda Open ya Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914. Ya tatu ni ya kufumanisha, ambapo vidole hivyo viwili, cha mwisho cha kulia na cha shahada cha kushoto, husukana. Jack Nicklaus na Tiger Woods wameitumia hii. Jaribu zote, uchague inayokukalia vyema.

Usikabe!

Kila mwanafunzi aliyewahi kufyeka nyasi shuleni anajua jambo hili. Kidato cha kwanza hulikaba fyekeo kwa nguvu zake zote. Baada ya dakika kumi ana malengelenge, na nyasi zimesimama tu. Mzoefu hulishika kwa utulivu, akaliacha fyekeo lizunguke na kukata lenyewe. Fimbo ya gofu ni vivyo hivyo. Ukiikaba, misuli ya mikono hukakamaa, viwiko na mabega hukataa kuzunguka, na mwendo wa fimbo hupungua. Ikiwa 10 ni kukaza mpaka mwisho, wewe kaza 4 au 5 hivi. Uzito uubebe kwa vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, na viwili vya kati vya mkono wa kulia.

Mpira utakueleza

Je, mipira yako hupinda kulia kila mara? Yamkini mikono yako imegeukia kushoto mno, huoni vifundo. Rudisha mikono kulia kidogo. Hupinda kushoto? Labda unaona vifundo vitatu au vinne. Basi igeuze irudi kushoto.

Ndugu yangu, usingoje kununua fimbo. Chukua mpini wa fagio, ushike na kuachia, ushike na kuachia, dakika tano kila jioni. Siku chache za kwanza utahisi ajabu, lakini usikate tamaa. Ukitaka kuuzungusha, toka nje, na uhakikishe hakuna mtu wala dirisha karibu! Samaki mkunje angali mbichi: mshiko mbovu ukishazoeleka miaka kumi, kuuondoa ni kazi ngumu kuliko kuanza upya. Siku utakayopewa fimbo ya kweli mkononi, hata kama ni ya kuazima, mikono yako itakuwa tayari.