Njia ya Akiba ya Mtandao: Ikague Bila Kuiamsha

Maduka, ofisi za madalali wa hisa na mawakala wa fedha wanaotegemea mtandao kwa kila muamala wanashauriwa kuwa na njia mbili: moja ya kazi za kila siku na nyingine ya akiba. Ya kwanza kwa kawaida hulipiwa kiasi kimoja kwa mwezi, itumike isitumike. Ya pili, ambayo mara nyingi ni modemu yenye kadi ya simu, hulipiwa kadiri inavyotumika.

Hapo ndipo linapozuka suala la gharama. Mwenye biashara atajuaje kwamba njia ya akiba ni nzima wakati haitumiki? Asipoikagua, atagundua kuwa ni mbovu siku ile ile anapoihitaji. Akiikagua vibaya, ataiamsha, na bili itaanza kuhesabu.

Kwa mfanyabiashara mwenye jenereta jambo hili si geni. Mafuta na betri hukaguliwa jenereta ikiwa imezimwa. Hakuna anayeiwasha mchana kutwa ili tu ajue kwamba inawaka.

Jinsi inavyoamka

Tatizo hili ni la siku nyingi. Katika miaka ya 1990 makampuni ya Ulaya na Marekani yalitumia laini za simu za aina ya ISDN kama akiba ya laini za kukodi. Laini ya kawaida ya ISDN ilikuwa na njia mbili za kubeba data, kila moja ya kilobiti 64 kwa sekunde, pamoja na njia ndogo ya kilobiti 16 ya kuwasiliana na kituo cha simu. Ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data, ilikaa kimya mpaka ipate mzigo wa kupeleka. Ikiupata, ilipiga simu yenyewe. Mzigo ukiisha, ilisubiri muda uliowekwa kisha ikakata. Katika ruta za Cisco muda huo, usipobadilishwa, ni sekunde 120.

Sasa tuchukulie kuna programu ya ufuatiliaji inayotuma pingi, yaani ujumbe mfupi wa kupima, kila dakika moja kupitia njia hiyo. Ruta haijui kwamba huo ni ukaguzi tu. Kwake ni mzigo kama mizigo mingine, hivyo hupiga simu. Kabla sekunde 120 hazijaisha, pingi nyingine imeshafika na hesabu inaanza upya. Simu haikatwi. Siku moja ina dakika 1,440 na mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Zote hulipiwa, na hakuna hata oda moja ya mteja iliyopita humo.

Hata pasipokuwa na programu hiyo, ruta zenyewe hupashana habari za njia. Utaratibu uitwao RIP hufanya hivyo kila sekunde 30. Usipozuiwa, nao huiweka laini wazi usiku na mchana.

Kuuliza badala ya kupita

Dawa ya kwanza ni kuiuliza ruta, badala ya kupitisha kitu kwenye njia yenyewe. Programu nyingi za ufuatiliaji hutumia utaratibu wa SNMP, ambao huiuliza ruta hali ya kila tundu lake. Swali na jibu hupita kwenye laini kuu. Kwa ISDN, ile njia ndogo ya kilobiti 16 iliweza kubaki hai, hivyo ruta ilijua kama laini inafika kituoni bila kupiga simu. Kwa modemu za siku hizi, ruta inaweza kueleza kama kadi inasomeka, kama imesajiliwa kwenye mtandao wa simu, na nguvu ya mawimbi ni kiasi gani.

Dawa ya pili ni kuiambia ruta kipi kina ruhusa ya kuiamsha njia ya akiba. Data ya mauzo iwe nayo. Pingi za ukaguzi na habari za njia zisiwe nayo. Zinaweza kupita njia ikiwa tayari wazi, lakini zisiweze kuifungua. Hapa fundi azingatie jambo moja: njia iliyolala haitajibu pingi, na programu inaweza kuitangaza kuwa imekufa. Kengele ipangwe kutofautisha kulala na kufa, la sivyo wafanyakazi wataizoea na kuipuuza.

Pale ambapo modemu huachwa wazi muda wote, kinachohesabiwa ni data. Pingi ya kawaida ya kompyuta za Linux ina baiti 84, na jibu lake kiasi hicho hicho. Ikitumwa kila sekunde, hula takriban megabaiti 435 kwa mwezi. Ikitumwa kila baada ya dakika 5, hula megabaiti 1.5 tu. Pia ihakikishwe kwamba pingi hiyo imefungwa kwenye tundu la akiba. Isipofungwa, itapita laini kuu, na mwenye duka ataonyeshwa kwamba njia zote mbili ni nzima, kumbe imepimwa moja.

Taa ya kijani haitoshi

Hata hivyo, kuuliza tu kuna mpaka wake. Kadi ya simu inaweza kuwa imesajiliwa mtandaoni ilhali bando lake limekwisha. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, baada ya saa za kazi, laini kuu izimwe makusudi na muamala mmoja halisi upitishwe kwenye akiba. Dakika hizo chache zihesabiwe kama bima.

Jambo jingine ni njia mbili zinazokutana mbele ya safari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mawasiliano yakazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Aliyekuwa na makampuni mawili ya intaneti, moja likitegemea EASSy na jingine Seacom, alikuwa na akiba ya jina tu. Ni vizuri kuuliza kila kampuni data yake hupita mkongo gani.

Mwekezaji mdogo anayetaka kuweka fedha katika biashara inayotegemea mtandao anaweza kuanza na karatasi moja: bili ya njia ya akiba ya miezi 6 iliyopita, akailinganisha na siku ambazo laini kuu ilikatika. Ikiwa hakuna matumizi yoyote miezi yote, majaribio hayafanyiki. Ikiwa matumizi yanapanda wakati laini kuu ni nzima, kuna kitu kinachoiamsha, na fedha hizo zinatoka kwenye faida.