Je, Wajua? Darubini Iliyopaa Kutoka Bahari ya Malindi

Tarehe 15 Novemba 1972, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa lililosimama kwa miguu ya chuma baharini, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba SAS-2, setilaiti ndogo ya NASA yenye kazi moja: kuitazama mbingu kwa miale ya gama. Roketi ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, bahari ya Wakenya. Miaka miwili kabla, siku ya Jamhuri, hapohapo palikuwa pamerushwa setilaiti ya eksirei iliyopewa jina Uhuru.

Mbona hawakurushia kwao Florida? Ikweta ndiyo iliyowavuta. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, karibu na dunia, hukingwa na usumaku wa dunia dhidi ya chembe nyingi za angani, na chembe hizo ndizo adui wa anayesaka gama. Ardhini nako hakuna cha kuona, kwa kuwa angahewa huimeza miale hiyo kabla haijatufikia. Afadhali, maana ina madhara.

Gama yenye nguvu kubwa hainaswi kwa kioo wala lenzi; hupenya tu. Ndiyo maana ndani ya SAS-2 mlipangwa mabamba membamba ya tangsteni, tabaka juu ya tabaka. Mwale ukipita karibu na kiini cha atomi hutoweka, na mahali pake huzaliwa elektroni na positroni. Jozi hiyo hukimbia ikiacha cheche njiani, na wataalamu huzifuata cheche hizo kinyumenyume, kama mtu afuataye nyayo za kaa mchangani, hadi wajue mwale ulitoka upande gani.

Umeme wa chombo uliharibika Juni 1973, baada ya miezi saba tu. Hata hivyo, kundi la mwanafizikia Carl Fichtel lilikuwa limekwisha kukiona chanzo kigeni cha gama, kilichokuja kuitwa Geminga. Iliwachukua wanasayansi takriban miaka 20 kuthibitisha kwamba ni nyota ya nyutroni, inayojizungusha mara nne hivi kila sekunde.

Mbinu ya mabamba haijaachwa. Darubini ya angani ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, inatumia tangsteni ileile, ila cheche zimepisha vihisio vya silikoni. Iliundwa iikague mbingu nzima kila baada ya saa tatu hivi, na orodha yake imepita vyanzo 6,000. Takriban theluthi moja ya vyanzo hivyo bado haijatambuliwa ni nini.